Mchi Kwenye Pedali ya Breki

Mwanangu Neema, nakumbuka siku moja niliiba mchi wa mama yako. Usicheke kwanza. Jana uliponipigia simu ukaniambia umenunua gari la zamani, na kwamba fundi humtaki, utalitengeneza mwenyewe kwa kuangalia video, nilifurahi mpaka nikasimama. Tulipomaliza kuongea nikakaa tena, mchi ule ukanijia, na chai yangu ikapoa pale pale mezani.

Ulikuwa na miaka mitatu, tunaishi hapa hapa Litapunga. Nilikuwa na ile pikapu ya dizeli, imeshapita kwa watu wanne kabla yangu, mlango wa kushoto unafungwa kwa mpira. Fundi wake nilikuwa mimi. Na kiburi nilikuwa nacho, wee! Mtu akisema anapeleka gari gereji Mpanda mjini, nilikuwa namcheka usoni. Klachi nilishusha mwenyewe, springi nilifunga mwenyewe, yote pale uani. Kazi moja tu ndiyo sikuweza kuifanya peke yangu, kutoa upepo kwenye breki.

Ngoja nikueleze, maana utaikuta. Ukifungua bomba la breki, hewa inaingia ndani, na breki yenye hewa inazama ukiikanyaga. Kuitoa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali mara kadhaa, halafu anaishikilia chini. Mwingine yuko kwenye tairi na spana, analegeza nati ndogo, mafuta yanatoka na mapovu, anaikaza. Hapo ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, hewa yote inarudi. Kwa hiyo mnaitikiana. Mimi nilikuwa nasema, "Shikilia!" Mama yako anajibu, "Nimeshika!" Nati sikuigusa mpaka niisikie hiyo nimeshika. Majirani walikuwa wakitusikia wanajua leo Baba Neema yuko kwenye breki.

Sasa Ijumaa moja nilikuwa nimebadilisha bomba la breki la nyuma. Kesho yake tulitakiwa kupeleka mchele Karema kule ziwani, turudi na samaki, migebuka. Tuko katikati ya kazi, wewe ukajikwaa pale mlangoni ukalia, na mama yako mguu ukamtoka kwenye pedali. Wala usijilaumu, mtoto kulia ni kazi yake. Mimi nikatoka chini ya gari nimejaa mafuta mikononi, na vijana wa jirani wamesimama wanatazama.

"Mama Neema, una akili kweli wewe? Kukanyaga tu kunakushinda?"

Wale vijana wakacheka. Mama yako alishuka taratibu, akakunyanyua, akakufuta machozi. Akaniambia, "Baba Neema, mimi sio kibarua wako." Akaenda jikoni, akaendelea na mboga zake.

Nilitakiwa nimfuate, niseme samahani, njoo tumalizie. Basi. Lakini nilikuwa kijana wa kiume, na wale wenzangu wananitazama. Nikaona mchi umeegemea kinu. Nikauchukua, nikakanyaga pedali, nikaubana mchi kati ya kiti na pedali, nikashuka kulegeza nati. Mafuta yakatoka, pedali ikashuka, mchi ukaanguka, pedali ikarudi juu kabla sijakaza. Nikarudia. Ukaanguka tena. Nikarudia mpaka jasho likanitoka, na hewa bado imo. Mwisho nikapanda, nikakanyaga. Mara ya kwanza ikazama, ya pili ikazama, ya tatu ikasimama. Nikajiambia inatosha. Nilijua haitoshi, mwanangu. Kila mwenye gari anajua breki ya kupigia pampu, ya kukanyagakanyaga ndipo ishike, sio breki.

Jioni mama yako akawa anautafuta mchi wake. Akaukuta kwenye gari, chini ya usukani, umechafuka mafuta. Aliushika, akanitazama.

"Breki umemaliza?"

"Nimemaliza."

Hakuuliza tena. Aliuosha kwa majivu, akautwangia karanga. Asubuhi akakuacha kwa bibi yako, akapanda gari, akakaa kando yangu.

Ule mteremko wa kushukia ziwani unaujua. Nilikuwa nakanyaga nikipiga pampu, na yeye anaona mguu wangu unavyokwenda. Tulipofika kwenye kona ya pili pedali ikazama mpaka chini. Nikapiga pampu, hamna kitu. Kulia ni korongo, kushoto ni ukingo wa mlima. Nikaliegemeza gari kwenye ukingo, likaparuza, likagonga jiwe upande wa mama yako. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Yeye mguu ulibanwa chini ya dashibodi, ukavunjika mara mbili.

Watu wa Karema walituvuta. Fundi mmoja mzee, akiitwa Mzee Tobiasi, alikuja kulitazama gari. Akaweka spana kwenye ile nati, akaniambia nikanyage. Yakatoka mapovu, wala hayaishi.

"Nani alikukanyagia wakati unatoa upepo?"

"Niliweka mchi."

"Mkeo alikuwa wapi?"

"Jikoni."

Akafuta spana yake, hana haraka. "Kutoka kwenye gari mpaka jikoni kwako ni hatua ngapi?"

"Kama kumi na tano, Mzee."

"Basi hizo hatua kumi na tano ndizo zilizomvunja mguu. Gari usilisingizie."

Nililisingizia hata hivyo. Nilirudi nikawaambia watu wote, gari bovu lile, breki ilikatika. Nilimwambia bibi yako, nikamwambia padri, na wewe ulipokua ukauliza kwa nini mama anachechemea, nikakuambia hivyo hivyo. Mama yako alikuwa amekaa hapo hapo akinisikia. Akiulizwa yeye alisema, "Ajali ni ajali." Alijua kila kitu, ule mchi aliuosha kwa mikono yake. Hakunisema hata siku moja, na afadhali angenisema.

Mzee Tobiasi alinionyesha njia ya kutoa upepo peke yako. Unachomeka mpira mwembamba wa bomba kwenye nati, ncha nyingine inazama kwenye chupa yenye mafuta ya breki, unakanyaga mwenyewe. Ndiyo hiyo wanaionyesha kwenye simu zenu siku hizi. Aliniambia hii ni ya asiye na mtu, wewe unaye. Mimi nikaishika ile chupa miaka yote iliyofuata. Nilikuwa naona aibu kumwita mama yako na ule mguu. Kwa hiyo mimi nikawa uani na chupa yangu, yeye jikoni, na zile hatua kumi na tano katikati yetu. Majirani hawakutusikia tena tukiitikiana.

Halafu mwaka juzi, mvua za kwanza, nilikuwa kwenye tairi la nyuma. Nikasikia mguu wake unavyokuja, unaujua mwendo wake. Akasimama kwenye mlango wa gari.

"Baba Neema, nikukanyagie?"

Nikamjibu, "Acha tu, mama, mimi nimeshazoea."

Nilidhani nauhurumia mguu wake, Mungu ananiona. Alisimama kidogo, akashika mlango, halafu akarudi jikoni polepole. Kiangazi kilichofuata tukamzika. Neema, alikuwa amenisamehe, alitembea na ule mguu kuja kuniambia, na mimi nikamrudisha. Hilo linaniuma kuliko ajali yenyewe. Nyumba hii sasa kimya, naongea na redio.

Basi sikia ya baba yako. Gari lako tengeneza mwenyewe, jifunze, chafuka, sikukatazi. Lakini breki ita mtu, hata kama mmegombana asubuhi. Nenda ukamwite kwa miguu yako, useme samahani kabla hujashika spana. Mtu akikuuliza umemaliza na wewe hujamaliza, sema sijamaliza, hata kama safari itakufa. Na siku mtu akija mwenyewe akakuuliza nikukanyagie, mwambie ndiyo, hata kama una chupa kumi.

Pikapu iko pale uani juu ya matofali. Nimefunga bomba jipya wiki iliyopita, upepo sijatoa. Chupa ipo, mpira upo, nimeviacha kwenye shelfu. Krismasi ukija utapanda wewe, utakanyaga, na mimi nitalala chini na spana yangu mpaka nikusikie ukisema nimeshika.

Mungu akulinde mwanangu, akushike kwenye kila mteremko, akupe mtu wa kukuitikia ukiita. Na ukija, jibu kwa sauti. Masikio yangu yamechoka, lakini neno hilo nitalisikia.