Seva Ndani ya Kabati la Vioo

Wijiati alikuwa fundi wa kompyuta mjini Semarang, Indonesia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mchache wa maneno. Alipoitwa ofisini kwetu, kwa mthibitishaji wa hati Pak, yaani Bwana, Harjanto, alikuta seva imeshanunuliwa, imeshasomewa dua na wali wa manjano umeshaliwa. Ilikaa mapokezini ndani ya kabati la vioo lenye kufuli, kati ya kombe la badminton na picha ya bosi akipokea cheti. Lililobaki lilikuwa dogo tu: kuiunganisha na kompyuta hata moja.

Kwa miezi mitatu wateja walikuwa wakioneshwa. "Hati zenu zote zimo humo," bosi aliwaambia. Humo hamkuwa na hata barua. Hati zilikuwa kwenye flashi sita, ambazo sisi makarani tulirushiana kama njugu.

Wijiati akatandaza nyaya siku mbili, akaunganisha kompyuta zetu saba na seva, akahamishia humo hati za kwenye flashi, akampa kila mtu neno lake la siri. Kisha akamwendea bosi.

"Pak, mashine hii inahitaji hewa. Humo itazimia. Tuipeleke chumba cha nyuma, kuna kiyoyozi."

"Huko nyuma nani ataiona?"

"Haihitaji kuonwa, Pak."

"Mbak Wiji, dada yangu, wewe unajua nyaya. Mimi najua wateja."

Hakubishana. Alichukua kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo, akaisukuma chini ya meza ya chai, akaipanga iwe inachukua nakala ya kila kitu kila saa.

"Hii ya nini?" aliuliza Bu Endang, mama karani mkuu wetu.

"Ya kumsitiri bosi."

Juma la pili Pak Harjanto akaenda harusini mji wa Solo kwa siku nne, ufunguo wa kabati mfukoni. Kesho yake, saa tano asubuhi, feni za seva zikaanza kulia kama nzi ndani ya chupa. Halafu kimya. Kompyuta zote saba zikakosa mafaili, na mbele yetu wamekaa mtu na mkewe, wamekuja kuchukua nakala ya hati ya kiwanja.

Bu Endang akampigia bosi. Nyuma ya sauti ya bosi upatu wa harusi ulirindima.

"Ifunikeni kitambaa chenye maji," bosi akaamuru.

"Kabati limefungwa, Pak."

"Basi lowesheni vioo."

Tukalowesha vioo. Yule mteja na mkewe walitutazama kwa adabu, kama watu wanaotazama msiba wa jirani.

Tulimwita Wijiati; alipofika hakuligusa hata kabati. Alipiga magoti kwenye meza ya chai, na baada ya dakika ishirini sote tulikuwa tunafanya kazi kutoka kwenye ile kuukuu. Hakuna hata waraka mmoja uliopotea.

Bosi aliporudi Wijiati alimwambia wazi, "Imekufa, Pak. Zinazowaka ni taa za mbele tu."

Pak Harjanto akainama mbele ya kabati.

"Zinawaka zote?"

"Zote."

"Basi iache hapo."

Seva mpya, ndogo, Wijiati akaiweka chumba cha nyuma, na bosi hajawahi kuingia kuiona. Siku fundi anaondoka, Bu Endang alimwuliza alijizuiaje asimcheke bosi.

"Mume wangu mwalimu mkuu," Wijiati akasema. "Nimezoea."