Mtoto Anayecheza Visanamu na Mume Wangu

Admin, naomba jina langu ulifunike vizuri, maana hata mawifi zangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Singida, ajira ndiyo iliyonileta Kigoma, nikaolewa hukuhuku na mwanaume wa Ujiji anayeuza vipuri vya injini za boti. Tunaishi Kasingirima. Ndoa ina miaka saba na hatujajaliwa mtoto. Hospitali tumeenda wote wawili, kila mara tunaambiwa hakuna tatizo, tuvute subira. Subira ya mama mkwe iliisha zamani na wala hafichi.

Sasa mwaka jana mume wangu alirudi kutoka Dar na mchezo wa ajabu. Ni visanamu vya plastiki, kimoja hakizidi kidole gumba, vya wale wanyama mashujaa wa katuni ambao wanafunzi wangu wanawachora mpaka kwenye madaftari ya hesabu. Vinauzwa kwenye viboksi vilivyofungwa, hujui umepata simba au kobe mpaka ufungue. Unavipanga kwenye kitambaa chenye miraba na mlango uliochorwa kila upande, jeshi jekundu huku na la bluu kule, unarusha dadu ndipo unasogeza. Mtu mzima, ana ndevu, anafungua kiboksi huku ulimi uko nje. Nilicheka, halafu nikamwonea huruma. Nikasema moyoni huu ni uchungu wa mtoto, kila mtu ana namna yake ya kuutoa.

Huruma yenyewe haikudumu. Alikuwa akicheza chumba cha nyuma, na nikimuuliza anacheza na nani anasema peke yake, pande zote mbili. Lakini mimi nimesimamia mitihani miaka mingi, mtu anayeibia namjua kwa mabega. Niligundua wale wekundu hawasogei mpaka simu yake iite. Akishasoma ujumbe anatabasamu, anamsogeza mwekundu mmoja, halafu anacheza wa kwake wa bluu, kisha anapiga picha. Mtu anayecheza peke yake anampigia picha nani?

Nikamtegea. Siku moja akiwa dukani niliingia, nikamtoa chui mwekundu pale alipokuwa, nikamrudisha miraba miwili nyuma. Jioni mume wangu akaja, hakuona kitu, akacheza zamu yake, akapiga picha na kutuma. Mimi nimesimama koridoni na ufagio, nafagia palepale. Punde ikarudi sauti, akaifungulia. Ilikuwa ya kabinti kadogo.

"Papa, chui yangu haikukuwa pale. Ilikuwa karibu na mulango. Unaniibia?"

Lafudhi ile ni ya ng'ambo ya ziwa, ya Kalemie kule Kongo, na huko ndiko anakovuka kila mara na mizigo yake. Niliingia nikamuuliza huyo anayekuita papa ni nani, na kwa kweli nilikuwa tayari kwa ugomvi.

Hakubisha. Alisema ni binti wa mteja wake aliyefariki. Mtoto alivunjika mguu, akawa amelala ndani miezi, ndipo yeye akamgawia nusu ya visanamu wawe wanacheza kwa simu ya mama yake. Kuhusu hiyo papa, akasema kule kila mwanaume mzima anaitwa hivyo. Nikamuuliza kwa nini basi alinificha. Akasema, "Ningekwambia nacheza na mtoto wa watu, ungelia. Nimechoka kukuona unalia."

Ni jibu zuri mno, na ndiyo maana linaninyima usingizi. Nilikwenda Bangwe kwa rafiki yangu anayeuza dagaa, wazazi wake walitokea Kongo, nikamuuliza kama habari ya papa ni kweli. Akacheka. "Kweli mwalimu, kwetu hata muuza mikate ni papa. Ila na yule aliyekuzaa naye ni papa." Nilirudi nyumbani nikiwa vilevile.

Mume wangu akaniambia kama simwamini nicheze na mtoto mwenyewe, akaniwekea namba kwenye simu yangu. Nikakubali, nia yangu ikiwa kupeleleza tu. Picha ya kwanza aliyonitumia yule binti, chini ya visanamu niliona kitenge kilekile nilicholetewa na mume wangu sikukuu. Najua vitenge vya vile vimejaa sokoni. Akijirekodi akirusha dadu anaipuliza kwanza, kama mume wangu. Najua pia kwamba ndiye aliyemfundisha. Kila nikishika kitu kinakuwa na sababu yake.

Na sasa yamenikuta mengine. Juzi yule binti alinifunga kwenye mchezo, akatuma sauti huku anacheka, "Mama, usikasirike, kesho nitakuacha ushinde." Dukani naitwa mama, sokoni naitwa mama, sijali. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuniita hivyo akinibembeleza. Niliisikiliza sauti hiyo mara nyingi, nikajiona mjinga, nikaisikiliza tena.

Mtoto wa umri ule hajui kuficha. Nikimuuliza baba aliyemzaa ni nani, atanijibu hapohapo na mume wangu hatajua. Jana niliandika swali lote, nikalifuta. Kama nimefanywa mjinga katika ndoa yangu nina haki ya kujua. Ila nikishajua, sijui kama nitaweza kumwambia tena "zamu yako mwanangu", maana siku hizi ndivyo ninavyomwambia, neno limenitoka lenyewe.

Ndugu zangu, mliolea na mliodanganywa, nishaurini. Nimuulize, au nirushe dadu? Ameshacheza tangu asubuhi, ananingoja mimi.