Bendi Iliyofuata Midomo ya Chiriku

Saa nne asubuhi, nje jua linachoma mabati, lakini ndani ya ukumbi huu ni usiku. Madirisha yamezibwa kwa vitambaa vizito vyeusi, taa nyekundu zinawaka juu ya meza, na moshi mwepesi kutoka mashine ndogo chini ya kaunta unapita taratibu katikati ya viti. Wanawake na wanaume wapatao arobaini, waliovaa mitindo ya miaka thelathini iliyopita, wanacheza wawili wawili huku wamekumbatiana. Muziki hakuna. Hata mchakacho wa viatu hakuna, maana kila soli imebandikwa kipande cha blanketi.

Jukwaani, bendi ya watu saba inapiga kwa nguvu zake zote. Dramu zimefunikwa taulo. Nyuzi za gitaa zimebanwa kwa sponji. Mpiga saksafoni ametunisha mashavu na jasho linamtiririka, ila pumzi yake haiingii kwenye saksafoni. Pembeni mwao, amewageukia nusu, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyevaa gauni la zambarau ameshika maikrofoni isiyounganishwa popote. Anaimba wimbo mzima bila kutoa sauti.

Wenzake humwita Chiriku. Jina hilo alipewa ujanani kwa kuwa alikuwa hanyamazi, asipoimba, anaongea. Siku hizi huongea kwa mnong'ono, na anayetaka kumsikia inabidi amsogelee mpaka magoti yakaribie kugusana.

“Nilidhani naota,” anasema wakati wa mapumziko, akijipepea kwa karatasi ya ratiba. “Watu wanacheza, bendi inapiga, na ukumbi kimya kabisa. Nikajisemea, hee, huku ndiko nilikokuwa naishi miaka yote hii mitatu. Leo wenzangu wamenitembelea.”

Miaka mitatu iliyopita Chiriku alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Daktari alikuwa amemwonya kwamba sauti ingeweza kuondoka, naye akatia saini kwa sababu alitaka kuishi. Aliishi. Sauti ikaenda zake.

Bendi inaongozwa na kaka yake, fundi redio anayepiga gitaa la solo, na hutumbuiza kila Jumamosi katika ukumbi mdogo nyuma ya kituo cha mafuta. Maikrofoni ilichukuliwa na binti wa kaka huyo, msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Chiriku akabaki na pasi. Kazi yake ikawa kunyoosha sare na kukaa nyuma ya spika.

“Kaka alikataa niondoke,” anasema. “Lakini na mimi nina macho. Nilijua nabebwa.”

Walipokuja watu wa filamu kutafuta bendi, hawakutaka muziki. Walitaka waigizaji wa ziada, wale wanaoonekana nyuma ya wahusika wakuu bila kusema neno. Malipo ya siku nne yalizidi ya Jumamosi nane, na bendi nzima ikakubali kabla sentensi haijaisha. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, Chiriku alimwambia kaka yake kwamba hiyo ingekuwa kazi yake ya mwisho. Angerudi kushona nguo kwa cherehani yake nyumbani, bendi iendelee na safari. Kaka alikaza nyuzi za gitaa ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

Kazi yenyewe ilionekana ya mteremko. Mpenzi na mpenziwe wanaagana kwenye meza ya mbele, na fundi wa sauti anataka maneno yao tu. Muziki utatiwa baadaye. Bendi isitoe hata mlio, ijifanye tu inapiga.

“Nikasema hii ni sawa na kumsukuma mlevi,” anacheka mpiga dramu. “Kumbe mlevi ni sisi.”

Mwanamuziki hufuata sikio, na masikio yao siku hiyo hayakupewa chochote. Kufika ubeti wa pili kila mtu alikuwa na wimbo wake. Mpiga dramu alimaliza na kuweka vijiti chini huku mpiga saksafoni akiwa katikati ya shughuli. Binti, bila kujisikia sauti, aliruka ubeti mzima. Wachezaji waliokuwa wakiongozwa na mikono ya bendi wakaanza kukanyagana. Wakarudia mara sita, na mambo yakazidi kwenda mrama.

Mara ya saba kila kitu kikakaa. Vijiti, vidole na mashavu vikaenda pamoja, na wachezaji wakayumba kwa pamoja. Hapo hapo mwongozaji wa filamu, mwanamke kijana asiyevua vifaa vyake vya masikioni hata akila, akasimamisha kamera.

“Jamani,” akauliza, “mbona wanamuziki wote mnatazama ukutani?”

Hawakuwa wanatazama ukuta. Nyuma ya taa, sare zimemlalia mkononi, Chiriku alikuwa amesimama akiimba kwa midomo mitupu. Hakujua kama ameonekana. Ndivyo alivyofanya kila Jumamosi nyuma ya spika kwa miaka mitatu, kila neno mahali pake, kila pumzi kwa wakati wake.

“Mimi ndiye wa kwanza kuiba,” anakiri mpiga dramu. “Nilikuwa nimepotea kabisa. Nikainua macho, nikaona midomo ya dada iko ubeti wa pili. Nikadandia hapo hapo. Nadhani wenzangu wakanifuata.”

Mwongozaji akamwita apande jukwaani.

“Mwanangu, mimi sina sauti,” Chiriku akanong'ona.

“Mama, hapa ukiwa na sauti ndiyo kosa.”

Watu wakaangua kicheko. Binti akavuliwa gauni la zambarau na kupelekwa kwa wachezaji. Gauni likabanwa pini mgongoni mwa shangazi yake, na maikrofoni ikasogezwa pembeni ili bendi nzima iione midomo yake.

Binti hafichi kwamba alinuna. “Nilimuuliza, ‘Shangazi, kwani nimekosa nini?’ Gauni nilishalizoea. Halafu nikamwona baba anapiga huku anatabasamu. Miaka mitatu sijamwona akitabasamu jukwaani. Basi nikacheza.”

Chiriku anasema aliishika maikrofoni kwa mikono miwili, kama zamani. “Kisha vijiti vikaanza kwenda bila kulia, na mimi nikasikia kila kitu. Gitaa la kaka. Saksafoni. Na mimi mwenyewe nilijisikia, ile sauti yangu ya zamani. Usiniulize nilisikia kwa wapi.”

Siku ya nne, bendi ikikunja nyaya, alimsogelea kaka yake sikioni. “Ile habari ya kuondoka, nimeighairi.”

Sasa ana ombi lake. Anataka Jumamosi zote asimame jukwaani, pembeni kama kwenye filamu, binti aimbe na yeye aiongoze bendi kwa midomo. Mwenye ukumbi ule wa nyuma ya kituo cha mafuta aliuliza mtu asiye na sauti anapanda kufanya nini. Amekubali wajaribu Jumamosi moja, akiwa na shaka tele.

Kabla ya hapo ipo studio, wiki ijayo. Sauti itakayotiwa kwenye filamu ni ya binti, na lazima ikae sawasawa kwenye midomo ya shangazi yake. Kwa hiyo mchana huu, siku chache baada ya kamera kuondoka, katika chumba cha cherehani chenye harufu ya vitambaa vipya, wawili hao wameegemeza simu kwenye kopo la vifungo na wanaitazama picha iliyopigwa siku ile, waliyotumiwa na mwongozaji. Binti anaimba. Chiriku amemshika kifundo cha mkono na humbana kidogo kila panapotakiwa pumzi.

Ubeti wa mwisho unawashinda. Binti anaingia mapema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye simu, mwanamke wa gauni la zambarau ameinamisha kichwa na kufunga mdomo, na nyuma yake wanaume saba wanarudia mapigo yale yale wakimsubiri, macho yote kwake.

“Shangazi, hapa mbona umekaa sana? Unafanya nini?”

“Hapo nilikuwa nalia.”

Binti anairudisha picha nyuma, anaitazama tena. “Sasa mimi nifanye nini?”

“Wewe usilie,” ananong'ona Chiriku. “Nisubiri tu.”