Niliikalia Aproni ya Risasi

Admin, nifichie jina, ingawa watu wa Juru, mtaa wetu hapa kambini, wakisoma mistari miwili tu watasema, "Eh, huyu si papa fulani?" (papa kwetu ni baba). Basi, wacheke. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na miwili, Mkongo wa Kivu ya Kusini, mkimbizi hapa Nakivale, Uganda. Nina mke mmoja, shamba la maharagwe, na kitambi ambacho hakuna anayeelewa kinatoka wapi kwa posho hii tunayokula. Nawaandikia kwa sababu naogopa, na mke wangu hajui naogopa kiasi gani.

Kanisani nimepewa kazi ya kusindikiza wagonjwa wanaopelekwa Mbarara kupigwa eksirei, kwenye kliniki moja upande wa Kakoba. Sisi Wakongo tunasema "kupiga radio". Shida ilikuwa watoto. Mtoto akitikisika picha inaharibika, kwa hiyo lazima mtu aingie amshike. Fundi wa mashine tuliyemkuta zamani aliwaambia akina mama, "Anayeingia atavaa risasi." Alimaanisha ile aproni nzito yenye madini ya risasi ndani, ya kuzuia mionzi. Lakini kamwambie hivyo mama aliyekimbia vita!

"Masasi?" mmoja aliruka, akidhani ni zile za bunduki. "Ile tulikimbia kule, tuje kuivaa huku? Hapana, papa, ingia weye."

Nikaingia. Na ndivyo nilivyopata umaarufu. Sauti yangu ya kuimba ni mbaya, kwaya ilinitoa kwa heshima, lakini nikimwimbia mtoto mle ndani anashangaa mpaka anasahau kulia. Akina mama wakaanza kusema hawaendi Mbarara bila papa. Kichwa kikanivimba, siwafichi. Miaka ikapita nikishika watoto wa watu.

Fundi yule alipenda maongezi. Kuna zile picha zinazotembea, mtoto anakunywa dawa nyeupe na mnaiona kwenye skrini ikishuka kooni. Basi yeye alikanyaga pedali ya kutoa mionzi huku ananisimulia mpira, na mguu hautoki. Hata picha za kawaida, kwa kuwa mashine ni ya kompyuta na hakuna filamu ya kuharibika, mtoto akigeuza shingo kidogo anasema, "Tupige ingine." Vidole vyangu vilikuwa vinatokea kwenye picha za watoto, tunacheka. "Papa, uko na mifupa mizuri!" Na aproni? Kamba zake hazikuweza kukizunguka kitambi changu. Nilikuwa naikunja, naiweka kwenye benchi, naikalia nikingoja zamu, kisha naingia bila hiyo.

Wiki chache zilizopita akaja fundi mpya, dada wa Kiganda aliyelelewa kambi ya jeshi ya Makenke. Kiswahili chake ni cha amri.

"Mzee, beji yako iko wapi?"

Nikamwonyesha ya uhudumu wa kanisa. Akacheka. "Hapana, ssebo," yaani bwana. "Ile ya kupima mionzi, kama hii yangu."

Nikamwambia sina, sijawahi kuwa nayo, na nikamwongezea hadithi ya kuikalia aproni nikidhani tutacheka pamoja. Aliitandaza ile aproni chini ya mashine, akavaa nyingine, akaniamuru niende nyuma ya kioo, akakanyaga pedali mara moja akaachia. Kwenye skrini zikatokea nyufa, kama shamba langu wakati wa kiangazi.

"Ukikunja inapasuka ndani, hauoni kwa macho," alisema. "Na mkono ndani ya picha ndiyo mbaya zaidi. Mzazi anashika mtoto wake siku moja, amevaa, mikono nje ya picha, basi. Lakini mtu mmoja kila wiki? Mzee, nani alikuruhusu?"

Tangu siku ile naitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Ukucha wa dole gumba la kushoto una mstari mweusi. Labda ni jembe, labda si jembe. Dada yule alisema inaweza kuwa si kitu, ila niende kwa daktari. Sijaenda. Naogopa atakachosema.

Sasa Alhamisi kuna mtoto wa jirani yangu, wa miaka mitatu. Kila anachokunywa kinamkaba, majuzi alibadilika rangi mpaka tukadhani ametutoka. Mama yake ana mimba kubwa, haruhusiwi kuingia, na baba alibaki Kongo. Wiki iliyopita aliingia shangazi yake. Mtoto akapiga kelele, akatema dawa yote, akawa ananinyooshea mikono mimi niliyekuwa nyuma ya kioo. Tukarudi bila picha. Fundi anasema aingie mtu mzima yeyote asiye na mimba, ila si mimi. Mlango lazima ufungwe, na kupitia kioo kile wimbo wangu hausikiki.

Mke wangu amesema ataingia yeye. "Nitavaa hiyo risasi yenu. Weye ukae inje."

"Mama, hujui unachosema," nikamwambia.

"Ninajua. Ninajua unaogopa. Mbona siku ya kwanza ulipoingia hukuniuliza miye?"

Aproni mpya imefika, na fundi anasema kwa mtu anayeingia mara moja hatari ni ndogo sana. Namwamini. Lakini nikimfikiria mke wangu ndani ya chumba kile, neno "ndogo" halinitulizi. Nikifikiria kuingia mwenyewe, nautazama tena ukucha ule. Na mtoto akitema dawa tena, ni mwendo mwingine mpaka Mbarara, naye hata maji hayamshuki vizuri.

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, wauguzi, mafundi, na ninyi mnaopenda kutukana, leo nionyesheni njia kwanza. Nimuombe fundi aniruhusu mara moja ya mwisho, au nimwachie mke wangu? Alhamisi nisimame upande gani wa kioo?