Punje za Nyamvula

Wako wanaosema hesabu ni kazi ya makarani. Hao hawakumjua jirani yangu Nyamvula wa Utange, ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja.

Mwaka 1946 homa ilituandama. Kafedha, binti yake wa pekee, alikuwa akiinuka siku mbili tatu kisha analala tena, hata nguo zikampwaya. Hapo akaja bwana afya, Gershom, na debe la mafuta ya kuulia mbu. Mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji yalikuwa mawili, na debe lilitosha shimo moja tu. Angekosea shimo, masika yangemkuta Kafedha hana nguvu tena.

Gershom akapita nyumba hadi nyumba akiuliza watoto wagonjwa ni wangapi. Masikini, alikulia mjini, hakujua kwamba kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia mabaya. Kina mama wakaficha watoto uvunguni. Mimi nilimfungia mlango kabisa, na sijuti.

"Watoto wetu usiwahesabu, bwana," Nyamvula akamwambia. "Hesabu mahindi."

Akaweka vifuu viwili vya nazi njiani, kimoja kwa kila shimo. Mama mwenye mtoto wa homa atie punje moja katika kifuu cha shimo lililo karibu naye. Hilo halikumtisha mtu. Baada ya wiki, kifuu cha shimo kubwa kilikuwa na punje ishirini, cha shimo dogo tisa. Gershom akajitwika debe, huyo, kuelekea shimo kubwa.

"Ngoja kwanza!" Nyamvula akamwita. "Kule nyumba ni hamsini. Huku kwetu ni kumi tu."

Gershom akasimama, midomo ikimchezacheza kwa hesabu: ishirini kwa hamsini, tisa kwa kumi. Akashusha debe, akaenda kuchota maji ya mashimo yote mawili ayachungulie. Katika shimo kubwa mlikuwa na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi wa mbu. Shimo dogo halikuwa na samaki hata mmoja, viluwiluwi tele. Akajicheka mwenyewe, na mafuta yakaenda shimo dogo, kidogo kidogo kila wiki.

Kila Jumamosi vifuu vilimwagwa, punje zikatiwa upya. Jumamosi ya sita tulikusanyika penye vifuu. Nyamvula akaja mikono mitupu, anacheka tangu mbali.

"Na punje ya Kafedha i wapi?" Gershom akauliza.

"Nilimwekea, bwana. Kaikaanga, kaila mwenyewe, na sasa ataka nyingine!"