Noti Zilizofukizwa Udi

Nikikusimulieni haya msinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu mimi mwenyewe kila nikikumbuka masikio yananiwaka moto, na mpaka leo nikiwa na shida yoyote Mlandege nazunguka njia ya nyuma, niko radhi nichelewe, ilimradi nisiuone ule mlango. Jina langu Makame, mtu wa Bububu, na wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea ualimu. Baba yangu fundi magodoro, mama anashona kofia, na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, jambo ambalo lilinipa kichwa kikubwa na akili ndogo, kama mtakavyoona wenyewe.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Thuwaiba, binti wa Bwana Suleiman mwenye duka la vitambaa Mlandege. Nilikuwa nampenda. (Haya, nimesema, tuendelee.) Nilimpenda kwa namna alivyokuwa akila embe mbichi kwa pilipili katikati ya somo huku anaandika kila neno la mwalimu bila kukosa, na kwa namna alivyokuwa akinicheka bila kunidharau. Na yeye, nikifikiri sasa, hakuwa mbali, kwani siku moja tumekaa ngazini mimi na yeye akanitazama vizuri akaniuliza, “Makame, wewe huna la kunambia?” Nami, mwanamume mzima, nikamjibu, “Ninalo. Ile kazi ya Jumatatu ushaifanya?” Alinyanyuka akaenda zake. Lakini ningesema nini? Nilikuwa na kanzu moja ya maana na godoro la sufi alilonishonea baba, basi ndiyo mali yangu yote.

Sasa mkasa wenyewe. Tulikuwa na jaribio Jumamosi asubuhi, na noti za Thuwaiba za darasani nilikuwa nimeziazima wiki nzima, karatasi kama ishirini hivi. Alhamisi akanitumia ujumbe: “Kesho niachie dukani kwa baba. Nyumbani usije.” Maneno mepesi hayo, hata mtoto wa chekechea angeyafuata. Ijumaa hiyo kulikuwa na nikaha ya mtoto wa jirani yetu katika msikiti mmoja wa mjini, kwa hivyo mama alikuwa amewasha chetezo anaifukiza kanzu yangu udi, na mimi nikapitisha uamuzi mmoja mdogo tu, ambao ndio ulioniua: nikaona na noti nazo zipate moshi kidogo, Thuwaiba akizifungua zinukie. Nikazifukiza. Nikazitia kwenye bahasha mpya. Kulikuwa na manyunyu nje, nikaogopa zisirowe, nikachukua kitambaa cheupe cha mama cha kudarizi, kile cha kufunikia sinia wakija wageni wa heshima, nikaifunga bahasha vizuri kwa fundo la juu. Mama akaniuliza nampelekea nani. Nikamwambia mwalimu.

Nikafuatana na ami yangu, Ami Haji, kaka wa baba. Lazima nikwambieni kidogo habari za mzee huyu. Ana joho moja jeusi na bakora moja, na kazi yake kubwa tokea alipostaafu ni ushenga, yaani akisikia kijana anataka kuoa hulivaa lile joho na kwenda kumposea hata kama hakuombwa, na nyumba nyingi za mtaani kwetu zimeanzia mdomoni mwake. Tulihudhuria nikaha, tukanyunyizwa marashi, tukasali alasiri, kisha nikamwomba tupite Mlandege mara moja.

Duka limefungwa. Ijumaa, saa kumi, maduka yote yako wazi ila hilo. Nikampigia simu Thuwaiba, haipokei. Nikapiga tena, haipokei. Jaribio kesho asubuhi, noti zake ninazo mimi, na akifeli ni kwa sababu yangu. Nyumba yao iko nyuma ya duka, hatua chache tu, lakini kijana peke yake hawezi kwenda kubisha kwenye nyumba yenye msichana, madirisha ya mtaa mzima yangefunguka. Ndipo nikamwambia mzee, “Ami, nisindikize hapo nyuma, kuna amana ya watu nataka kuifikisha.”

Ami Haji akakitazama kitambaa. Akakinusa. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana, akasema, “Amana. Sawa mwanangu, nshafahamu.” Laiti ningemuuliza amefahamu nini!

Tulipiga hodi moja, ya pili hatujaimaliza mlango ukafunguliwa na Bwana Suleiman mwenyewe, kanzu nyeupe, kofia mpya. “Karibuni, karibuni, tunakungojeni tokea tulipotoka msikitini!” Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani Thuwaiba amemwambia babaake habari za noti, nikasema moyoni, ama kweli watu hawa wanaithamini elimu. Tukavua viatu, tukaketishwa ukumbini, halua ipo, kahawa ipo, na kwenye mlango wa ndani pazia linatikisika kwa watu waliojaa nyuma yake. Nikafungua kinywa niseme, “Shikamoo, nimeleta noti,” nikafika kwenye shikamoo tu. Ami aliichukua ile bahasha mkononi mwangu, akaiweka mbele ya Bwana Suleiman kwa mikono miwili, akakohoa kile kikohozi chake cha kazi.

“Sheikh,” akasema, “sisi tumetoka Bububu, na hatukupotea njia. Tumekuja kuomba udugu.”

Nyuma ya pazia bibi mmoja akapiga kigelegele, akanyamazishwa.

Nikamvuta ami joho. “Ami! Ami!” Akanitoa mkono kama anayefukuza nzi. Bwana Suleiman akanitazama, akauliza, “Na huyu kijana?” “Huyu ndiye mwenyewe,” akajibu ami. “Mwenyewe!” Bwana Suleiman akacheka. “Zamani mwenye kuposa hafuatani na washenga wake, lakini haya, kila zama na mambo yake. Dada yangu ndiye aliyeileta habari yako, mimi sijawahi kukuona. Nasikia ushamaliza kujenga Chukwani?”

Ami akanigeukia polepole. “Chukwani?” Kisha, bila ya kupepesa, akamgeukia mwenye nyumba: “Nyumba ni ya Mungu, sheikh.”

Hapo ndipo nilipofahamu. Kuna mtu anakuja kumposa Thuwaiba siku ile ile, saa ile ile, mtu mwenye nyumba Chukwani, na ndiyo maana duka limefungwa, na ndiyo maana nikaambiwa nyumbani nisije. Moyo ukaniuma kweli kweli, siwafichi. Nilitaka nilie na nilitaka nikimbie, na vyote viwili siviwezi kwa sababu ami amenikalia pindo la kanzu.

Kwa kawaida barua ya posa, ambayo nayo hufukizwa udi na kufungwa kitambaa, haifunguliwi mbele ya walioileta, hupokelewa, wageni wakaenda zao, jawabu likafuata baadaye. Lakini bahasha ile ilikuwa nene, na Bwana Suleiman akashindwa kustahamili. “Barua gani hii, au mmeandika kitabu?” Akafungua fundo, harufu ya udi ikatoka, nyuma ya pazia wakasema mashaallah, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: “Bismillahi. Nadharia za ujifunzaji. Mtoto hazaliwi na tabia, tabia hujengwa kwa zawadi na adhabu, na adhabu isizidi kiasi.”

Akaipandisha miwani puani.

“Maneno mazito,” akasema yule bibi wa nyuma ya pazia.

“Kijana ni mwalimu,” akasema ami, kwa fahari, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Bwana Suleiman akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, na uso ukaanza kumbadilika. Akaisogeza karatasi karibu na macho. “Mbona huu mwandiko wa Thuwaiba?” Akatutazama mimi na ami. Akarudia, sauti imeshuka, “Mwanangu mimi ndiye aliyekuandikieni barua ya kujiposa mwenyewe?”

Sasa nambieni, ningefanya nini? Niliona Thuwaiba ataingia katika aibu ambayo hata sabuni ya mawe haiitoi, na yote kwa sababu ya pua yangu na udi wangu. Nikachomoa pindo langu chini ya ami, nikasimama, nikanyanyua mkono nikaanza kuapa, na kuapa kulivyonishika sikujua tena pa kukomea. “Wallahi sijaja kuposa! Nimeleta noti za darasani tu! Wallahi baina yangu na Thuwaiba hakuna kitu! Wallahi sina haja naye!”

Mara tatu. Kwa sauti ya muadhini.

Na kabla sijashusha mkono ikapigwa hodi nyengine mlangoni, wakaingia wazee wanne wenye majoho mazuri kuliko la ami, mbele yao bahasha nyembamba juu ya sinia ya fedha, wakatukuta sisi tumesimama, mwenye nyumba ameshika nadharia za ujifunzaji, na ami yangu anamalizia kikombe cha kahawa kwa sababu, kama alivyonambia baadaye, kahawa haina kosa. Tulitoka kinyumenyume tukiomba radhi. Nilikosea viatu, nikarudi Bububu na viatu vya mmoja wa wale wazee, vikubwa, na njia nzima ami hakunisemesha ila mara moja: “Ungenambia ni noti, hayawani wewe. Noti hazifukizwi.”

Jumamosi nilifanya jaribio sijui nilichoandika. Nilipotoka nikamkuta Thuwaiba ananingoja ngazini, noti zake mkononi. Nikamwanza mimi, nikamwomba radhi, nikamweleza duka, simu, manyunyu, ami, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, na bora angenitukana.

“Bibi alikuja chumbani kunambia aliyekuja si wa Chukwani, ni Makame wa chuoni. Nilikuwa nalia, nkanyamaza. Nkaja nyuma ya pazia. Baba alipouliza habari za mwandiko, mimi nshalishika pazia, nataka kutoka nimwambie ndiyo, wangu, na huyu ndiye nnayemtaka. Kiguu kimoja kishavuka.”

“Basi?”

“Basi wewe ukaapa.”

“Nilikuwa nakulinda!”

“Moja ingetosha, Makame. Umeapa mara tatu. Hiyo ya tatu ulikuwa unamlinda nani?”

Jawabu lake nalitafuta mpaka leo. Babaake alishaipokea ile bahasha nyembamba, na baada ya mitihani Thuwaiba akaolewa, na mimi Ami Haji akanifungisha siku tatu kafara ya yamini, kile kiapo changu cha uongo, nikafunga, siku ya tatu mama akanipikia futari nzuri na sikuimaliza.

Basi nimeshaweka nadhiri, na nyinyi ni mashahidi wangu. Uongo mwengine naweza kuusema, nikiulizwa deni, nikiulizwa umri, lakini kuapa mbele za watu kwamba sikitaki kitu ninachokitaka, sithubutu tena. Akitokea mzazi yeyote wa Unguja hii akaniuliza kama nimekuja kumposa binti yake, hata kama nilipita kuomba maji tu, nitamjibu naam, kisha nitakaa kitako. Mwaka wa tatu huu naomba maji kwenye nyumba za watu, na hakuna anayeniuliza.