Bango la Soda la Bibi

Ilianza Jumamosi, saa kumi kasoro robo alasiri, likizo yangu ya kidato cha pili. Saa naikumbuka kwa sababu bibi alikuwa ameenda kumjulia hali mgonjwa, akasema atarudi saa kumi na moja, nami nilitaka akirudi akute nimemaliza.

Wakati ule nilikuwa nakusanya mabango ya zamani ya soda, yale ya bati yaliyokuwa yakipigiliwa milangoni mwa maduka. Nilikuwa nayo saba. Moja nilipewa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa hapa Nyahanga, jingine nililikuta limeziba banda la kuku. Mimi nina aibu, kuomba kitu naona kama nitakufa, ila bango niliweza kuomba. Mama jirani alinicheka: "Wewe binti, utaolewa na mnunua vyuma chakavu!"

La nane alinipa bibi mwenyewe. Zamani aliuza soda, kabla magoti hayajamkatalia, na bango likabaki kufunikia pipa la maji. Juu, jina la soda lilipigwa kiwandani. Chini, kwa brashi, marehemu babu aliandika: Kwa Mama Shija, Soda Baridi. Shija ni baba yangu.

Kwetu msichana anasifiwa kwa sufuria. Ukisugua mpaka mtu ajione uso, wanasema huyu amelelewa. Basi nikalisugua bango kama sufuria, kwa majivu na mchanga, naimba kabisa. Rangi ya kiwandani ikang'aa. Nilipomwagia maji, ya babu haikuwepo. Ulibaki mkia wa herufi moja tu.

Bibi macho yake yana ukungu, na kusoma hakujifunza. Aliporudi akaniambia, "Limetakata eeh? Hebu nisomee pale pa babu yako."

Nikasoma bati tupu: "Kwa Mama Shija, Soda Baridi."

Akacheka. "Siku anaandika alikosea, akafutia kanga yangu mpya, mzee yule! Wabeja, mjukuu wangu." Akanishukuru, mimi!

Mpaka leo shukrani ile inanichoma kuliko kosa lenyewe. Barua za babu zililiwa na mchwa. Nyumba nzima hapakuwa na mahali pengine penye mwandiko wake. Madukani siku hizi wanatundika plastiki, jua likiipausha wanaleta nyingine, na hakuna anayeandikia jina la mkewe chini yake. Mabango yangu saba niliyagawa. Kuyaangalia nilishindwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta bibi anamenya viazi vya kukausha michembe. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitika. Nikasema, "Bibi, jana nilikudanganya. Maandishi ya babu nimeyafuta."

Kisu kikasimama.

"Yote?"

Nikajibu, "Yote," nikabaki nimepiga magoti palepale mpaka alipomaliza viazi.